Mke Aliyefuatwa Kuzimu

Kati ya kibanda cha mchonga funguo na meza ya mshona viatu pana benchi moja refu, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Mguu wake mmoja umetiwa kipande cha tofali, na hata hivyo anayekaa mwisho sharti akaze kiuno. Kila alasiri, kivuli cha ukuta kikishaufikia mtaro, Mama Birika huja na jiko lake la mkaa na vikombe vyake visivyo na mikono, na wenye benchi lao hujikusanya kama nzi waliosikia habari njema. Hapo dunia hutengenezwa upya kila siku. Wakubwa huangushwa, timu hupangwa, ndoa za watu huvunjwa na kuunganishwa, kisha kila mtu hurudi kwake akakuta bomba linavuja vilevile.

Siku hiyo mada ilikuwa kuzimu. Aliyeileta ni Kitasa, mchonga funguo mwenyewe, mtu wa makamo, laini wa mikono na mgumu wa shingo. Tangu mkewe afungashe nguo zake akahamia kwa dada yake, ng'ambo ya soko, Kitasa alikuwa akiandika riwaya. Wengine wakiachwa hunywa, wengine huoa mbio mbio, yeye aliandika. Riwaya ilimhusu fundi mmoja aliyefiwa na mke, akateremka kuzimu kumrudisha. Benchi zima lilijua mke wa kitabuni katokea wapi, ila kwa adabu, au kwa woga, lilijitia hamnazo. Mchapishaji mmoja alikuwa amekubali kuipokea kwa sharti kwamba ile sura ya dunia mbili kukutana iandikwe upya, kwa sababu, alisema, haiaminiki. Kitasa akaona dawa ni kuwasomea watu wasioamini kitu.

Basi akasoma. Fundi aliingia kisimani, akavuka mto wa majivu, akakutana na jitu lenye macho ya moto, akategua vitendawili vitatu, akaacha kivuli chake kama rehani, akamshika mke mkono, wakapanda juu wakati jogoo akiwika. Aliposoma neno la mwisho sauti ilimtetemeka kidogo. Akakunja karatasi, akasubiri.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu mwenye tumbo la kukaa na shingo ya kuangalia vioo.

— Sasa huyo mlinzi wa mpakani, alisema, anauliza vitendawili?

— Vitatu.

— Kitasa, ndugu yangu, mimi nimevuka mipaka mpaka pasipoti ikachoka kabla yangu. Hakuna mlinzi anayeuliza kitendawili. Mlinzi anauliza umebeba nini. Anazunguka nyuma, anagonga gonga mabomba, anakwambia rudi kesho. Huyo wako amekaa hapo tangu dunia iumbwe, hajachoka, hana mwenzake wa zamu, na kazi yake ni kutega vitendawili? Huyo si mlinzi, huyo ni babu wa wajukuu!

Benchi likacheka. Kitasa naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa akasema hakuumia.

— Ni fantasia, Breki. Ni ulimwengu wa kubuni.

— Buni, lakini usitupige kamba.

— Kubuni ndiko kupiga kamba, alisema Gundi, mshona viatu, bila kuinua kichwa. Alikuwa na sindano kubwa mdomoni, kwa hiyo maneno yake yote yalitokea pembeni. Mimi kamba sina neno nazo. Nataka iwe kamba inayofunga. Humo kitabuni kuna mzuka unapita ukutani. Sawa?

— Sawa.

— Halafu ukaketi kitini.

— Ndiyo, uliketi.

— Ukuta umeupita, kiti haukukipita? Na sakafu je? Kitu kinachopenya ukuta kinasimamaje sakafuni? Kingetumbukia, kikaenda, kikaenda, mpaka kikatokea upande wa pili kwa watu wengine, na wao wakaandika riwaya!

— Mizuka ina namna yake, Kitasa alijitetea.

— Namna gani?

Kitasa alikuwa amekesha juu ya mto wa majivu, akautafutia rangi, akautafutia harufu. Sakafu haikumpitia akilini.

— Nitakwambia mimi, Gundi alisema, akatoa sindano mdomoni ili jambo lipate heshima yake. Ni nyayo. Mwili wote wa marehemu unageuka hewa, isipokuwa nyayo. Nyayo ndizo za mwisho kufa. Mimi nashika viatu vya watu, najua. Mtu anauza shamba, anauza meza, kiatu chake kinabaki na umbo lake. Ndiyo maana wahenga wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzimu hauvunjiki guu, kwa hiyo hausikii la mkuu wala la mdogo. Umeona?

— Sijaona, alisema Kitasa.

— Utaona ukifa.

Hapo Hakimu akajikohoza. Hakuwa hakimu. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, akisoma majina ya watuhumiwa kwa sauti, na tangu astaafu hakuna aliyefaulu kumnyang'anya ile sauti. Alivaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe.

— Nyie mnahangaika na miguu, alisema. Suala hapa ni la mamlaka. Mke amefariki. Kifo kimevunja ndoa. Kweli si kweli?

— Kweli.

— Fundi akimtoa kuzimu, anamtoa kama nani wake? Si mke tena. Ni mwanamke wa watu aliyekutwa akitembea na mwanamume alfajiri, wote wawili wana matope ya kisima. Inabidi amchumbie upya! Na mahari? Yule jitu mwenye macho ya moto ndiye mzazi sasa, maana ndiye aliyekaa naye. Kitasa, kitabu chako kina utoroshaji ukurasa baada ya ukurasa, na wewe umeita mapenzi.

— Lakini Hakimu, hadithi haziendi kwa sheria.

— Ndipo mnapokosea nyie watunzi! Uongo ndio wenye sheria. Ukweli unajiendea tu.

Kitasa aliliona neno hilo kuwa zuri, akaumia kwa kuwa halikuwa lake. Akanywa kahawa iliyokwisha poa. Mama Birika, aliyekuwa akipepea jiko kwa kipande cha boksi, alimtazama kwa jicho la huruma, lakini huruma ya Mama Birika haikuwahi kumzuia kusema.

— Mimi hivi vitabu vya majini na mizimu nilishavisoma nikiwa msichana, alisema. Vyote ni kimoja. Kuna wazee wa kimbingu wana miaka elfu saba, wanajua kupaa, wanajua kugeuka moshi, wanazungumza na mawe. Ikitokea shida kidogo tu, wote wanakaa chini kumsubiri kijana mmoja kutoka duniani aje kuwaokoa. Kijana mwenyewe hata kufua hajui!

— Ameteuliwa, alisema Breki.

— Na nani?

— Na unabii.

— Huo unabii ungemteua mwenye akili basi. Miaka elfu saba na hakuna hata mmoja aliyejifunza kufungua jiwe la mlangoni mwenyewe? Wavivu tu. Wamezoea kuletewa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Gundi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Kuzimu si ndiyo mvungu wa dunia? Wa huku akitaka kitu cha kule, anainama. Wa kule akitaka cha huku, anainama pia, lakini kwa kuwa yuko chini, kuinama kwake ni kuzidi kwenda mbali. Ndiyo maana hawafiki. Wanatuhitaji sisi.

Wakatazamana, wakijiuliza kama wamesikia upuuzi au jambo kubwa. Ulikuwa upuuzi. Lakini Breki alikuwa ameshaupokea na kuutia gia.

— Tena kule wamejaa! Fikirini. Waliokufa tangu mwanzo wa dunia wote wako kule, na sisi huku wachache. Mzigo wote uko upande mmoja. Mimi nimeendesha lori lililopakiwa vibaya, najua linavyolalia. Dunia imelala upande! Barabara hizi zinazopasuka kila mvua ikinyesha mnafikiri ni wakandarasi? Ni kuzimu inazidisha uzito. Mtu akitoroka kule, kama huyo mke, dunia inainuka kidogo. Kitasa, ungemwandika fundi wako anavusha watu kwa lori, ungekuwa umetuambia kitu.

— Kwa leseni gani? akauliza Hakimu.

— Ya abiria.

— Marehemu si abiria. Marehemu ni mzigo.

— Anakwenda kama mzigo, anarudi kama abiria!

Wakazozana hapo mpaka birika likapuliza. Hakimu akashikilia kwamba mfu anayerudi sharti apewe cheti cha kufutiwa kifo. Breki akasema cheti hicho kikiwepo tu, watu watakufa kwa makusudi ili wafutiwe mengine. Gundi akauliza lile suala la kivuli. Kama fundi aliacha kivuli rehani, mbona saa sita mchana hakuna mtu mwenye kivuli cha maana, ina maana wote tumevuka tukarudi? Hakimu akasema huenda, na hiyo ndiyo sababu mchana watu wanasinzia ofisini: wako kuzimu wameacha miili ikiwasubiri. Kila mmoja alikuwa na kuzimu yake sasa, na katika kuzimu zote hizo yeye ndiye aliyekuwa msimamizi.

Kitasa hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akizikunjua karatasi zake na kuzikunja. Aliwadharau wote watatu kwa wakati mmoja, na dharau ile ilimpa nafuu ya dakika chache, kama kukuna upele. Wajue nini hawa? Hakuna kati yao aliyewahi kuamka akapapasa upande wa pili wa kitanda. Hakuna aliyejua kwamba ule mto wa majivu alikuwa ameutafuta ndani yake mwenyewe, akautoa na matope yake yote. Nao wanauliza leseni!

— Samahani.

Sauti ilitoka mwisho wa benchi, kule kwa kukaza kiuno. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa hapo muda mrefu, mguu mmoja una kiatu, mwingine ameuweka juu ya kipande cha boksi. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe ya rangi ya ukutani mpaka kwenye viwiko. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, ametoka kazini, mkanda wa kiatu ukamkatikia njiani. Alikuwa amemkabidhi Gundi kiatu chake kabla ya mto wa majivu, na Gundi alikuwa amekishona nusu, akaingia kuzimu, akasahau kurudi.

— Dada, kinakuja, kinakuja, Gundi alisema, akaokota sindano.

— Si kiatu. Mimi vitabu sivijui sana, ila nimewasikia toka mwanzo. Huyo mke, aliulizwa kama anataka kurudi?

Wakamgeukia wote.

— Unasemaje? alisema Hakimu.

— Mke. Huyu fundi amemfuata, ametegua vitendawili, amemshika mkono, wamepanda. Hapo katikati, alimuuliza kama anataka?

Breki akacheka peke yake, akakuta hakuna anayemfuata, akaacha.

— Dada yangu, nani hataki kutoka kuzimu?

— Sijui. Ndiyo maana nauliza.

— Hilo halihitaji kuulizwa, alisema Hakimu kwa ile sauti yake ya kuita watuhumiwa. Kisheria, kimya ni... Kwa marehemu, ridhaa ni... Akaishia hapo. Koti lake likaonekana kubwa.

— Haya, Kitasa, alisema Gundi. Wewe ndiye mwenye kitabu. Anasemaje mke?

Kitasa akafungua karatasi. Alijua hakuna kitu, lakini alizipekua, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye vidole vyake. Palikuwa na nywele za mke zikipepea katika upepo wa wafu. Palikuwa na machozi yake, na mkono wake baridi ukipata joto ndani ya mkono wa fundi. Akarudi nyuma, sura ya msiba. Akaenda mbele, sura ya arusi ya pili. Mke alitabasamu mara nyingi sana. Hakuna mahali aliposema hata neno moja.

— Hasemi, alisema Kitasa.

— Kitabu kizima?

— Analia.

Mwanamke akatikisa kichwa, hakucheka wala hakukebehi. Gundi akamaliza mishono iliyobaki kwa haraka isiyo yake, akakata uzi kwa meno, akampa kiatu. Mwanamke akakivaa, akakanyaga chini mara mbili kukijaribu, akashukuru, akaondoka zake na ndoo ya brashi mkononi. Kwake lilikuwa swali tu la kupitisha muda.

Breki alitazama barabara. Hakimu alifuta vumbi kwenye koti mahali pasipo na vumbi. Ukweli ni kwamba hao wawili walikuwa wajumbe. Mke wa Kitasa alipoondoka, Breki alitangulia kwenda ng'ambo ya soko, akamwambia shemeji apande, gari lipo. Akafuata Hakimu, akamsomea wajibu wa mke kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, akiwa amesimama. Shangazi wa Kitasa naye alikwenda, akalia. Wote walirudi na maneno yaleyale: kakataa, ana kiburi. Na Kitasa mwenyewe alikwenda mara moja, na begi tupu la kutilia nguo za mkewe.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika, ingawa birika lilikuwa bado zito. Na wewe, Kitasa, unangoja nini? Unangoja jitu lije kukutega?

Kitasa akasimama. Akalifunga kabati la funguo, akaziweka karatasi chini ya mashine ya kuchongea ili upepo usizichukue.

— Unakwenda wapi? aliuliza Hakimu. Na sura ya mchapishaji?

— Itasubiri.

— Niende nawe? Nikusaidie maneno?

— Hapana, mzee wangu, alisema Kitasa. Kaa hapo hapo.

Akapita soko wakati wachuuzi wanafunika mafungu yao. Njia nzima alijaribu kupanga namna ya kuanza, na kila mwanzo ulikuwa na mto ndani yake, akautupa. Dada wa mkewe alikuwa na duka la dobi, chumba kimoja kilichojaa mvuke na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Alimkuta mkewe peke yake mezani, akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuwa amekata nywele. Kitasa alishtuka kuona shingo yake, kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba aliyodhani anaijua.

— Karibu, alisema mkewe, pasi haikusimama. Umekuja na begi?

— Sina begi.

— Wajumbe wako wapi?

— Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kukuuliza kitu.

— Uliza.

Jitu la kitabuni lilikuwa jepesi kuliko hili.

— Unataka kurudi?

Pasi ikasimama. Akaiinua upesi kabla shuka halijaungua, akaisimamisha kando, akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu aingie.

— Nani kakufundisha hilo?

— Kuna mwanamke mmoja alikuja kijiweni kushonewa kiatu.

Mkewe akacheka, cheko la ghafla, akaliziba kwa mkono. Kisha likaisha.

— Mwaka mzima, alisema. Mwaka mzima mmekuja kunichukua. Gari lipo, wajibu upo, shangazi analia. Nikakaa hapa nikisema, siku mmoja wao akiuliza, hata kwa bahati mbaya, nitamjibu. Hakuna.

— Nimeuliza.

— Nimesikia. Sitaki.

Kitasa akashika ukingo wa meza. Huko nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda na mluzi wake. Alikuwa amejiandaa kwa kiburi, kwa matusi, hata kwa mlango kufungwa. Kwa neno dogo namna ile, lililosemwa bila hasira, hakujiandaa. Akawaza kugeuka aondoke. Akawaza maneno ya Hakimu, akayaona yamevaa koti. Mwishowe akabaki amesimama, na kwa kuwa hakuwa na jingine, akauliza lililofuata.

— Kwa nini?

Mkewe alimwangalia kwa muda, kama anayepima kama mtu aliyemwuliza anataka jibu au anataka kumaliza. Halafu akachukua shuka lililokwisha pigwa pasi, akamrushia ncha mbili.

— Shika upande huo, tulikunje. Ni refu hili, na maneno yenyewe ni marefu. Lakini usinikatize. Ukinikatiza mara moja tu, utoke uende kwa wenzako.

Kitasa akazishika zile ncha, akarudi nyuma mpaka shuka likanyooka kati yao. Mkewe akaanza kusema.

Mashuka yakaisha, wakaingia kwenye foronya, na yeye bado anasema. Mengine Kitasa aliyajua, mengi hakuyajua, na mawili matatu yalimfanya atamani sakafu impokee. Hakumkatiza.